Kipande cha Baba Mkwe

Edward alipofika nyumbani kwetu na mfuko wa sukari mkononi, nilijua kabisa kwamba ana jambo zito la kusema. Mwenyekiti wa kitongoji haji na sukari bure. Nilisoma naye darasa moja hapa hapa Malindi yetu ya milimani, na tangu utotoni Edward akitaka kukuumiza lazima akupe kitu kwanza.

Aliketi kwenye benchi nje ya mlango, akavua kofia, akamwamkia baba mkwe wangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kwema huko?"

"Kwema kabisa. Mzee Nikodemo, nimekuletea habari njema. Jumamosi tunaanza msaragambo wa kufyeka ile njia ya zamani ya baiskeli. Mkutano umekaa, ukaona wazee kama ninyi mpumzike. Mmeshafanya sehemu yenu. Sasa ni zamu yetu."

Baba mkwe aliutazama ule mfuko wa sukari kwa muda mrefu kuliko sukari inavyostahili kutazamwa. "Asante," akasema. Akainuka taratibu, akaingia ndani, akarudi kwenye kigoda chake karibu na moto. Jioni ile hakula.

Nilimsindikiza Edward mpaka njiani bila kumwambia neno, na wanaonijua watakwambia kwamba mimi nikinyamaza ni hatari zaidi kuliko nikisema.

Naitwa Dorkasi. Nimeolewa na Kristian, mtoto wa mwisho wa mzee Nikodemo. Mume wangu anafanya kazi ya chai kule Mponde na anarudi mwisho wa mwezi, kwa hiyo nyumbani tunabaki mimi na baba mkwe. Namwita Tate, kama Washambaa tunavyomwita baba. Mama mkwe wangu, Jenoveva, alifariki mwaka juzi wakati wa masika, na tangu siku ile Tate alianza kuacha vitu. Kwanza aliacha kwenda sokoni. Kisha akaacha kanisa, yeye aliyekuwa akiimba besi mpaka vioo vya madirisha vinatetemeka. Akaacha kunyoa ndevu. Sasa alikuwa anaacha kula, tena si kwa kugoma. Anaonja vijiko kadhaa, anasema ameshiba, anasukuma sahani kwa adabu. Niseme wazi kwamba nilikuwa naogopa. Niliona mtu anayetuaga kidogo kidogo, nami nampenda yule mzee kuliko ninavyoweza kueleza.

Kumwambia sikuweza. Kwetu mkwe wa kike na baba mkwe wana mipaka yao. Sikai naye benchi moja, simtaji jina mbele yake, wala sithubutu kumwambia jambo kwa ukali usoni. Nikiwa na la kusema, namwambia kuku. "Wewe kuku, humu ndani kuna mtu hajatia kitu tumboni tangu asubuhi, na makande yanapoa." Tate anasikia. Naye akiwa na lake huwaambia mbuzi: "Chumvi imezidi leo, jamani, au ni ulimi wangu?" Mama Jenoveva alipokuwa hai yeye ndiye aliyekaa katikati yetu, akipokea huku na kupeleka kule, akicheka. Alipoondoka tulibaki na mifugo.

Njia yenyewe inazunguka ubavu wa mlima kutoka kitongojini kwetu mpaka zahanati. Haina mpando wa kumtoa mtu roho, ndiyo maana zamani ilikuwa ya baiskeli. Kabichi, karoti, viazi, wagonjwa, maharusi, wote walipita pale. Zikaja bodaboda, watu tukahamia barabara kubwa ya bondeni, na njia ikaachiwa vichaka. Tughutu zikaota katikati yake zikawa miti, makangaga yakafunika kingo, miiba ikashonana juu kwa juu. Mtu angeweza kusimama juu yake akauliza njia iko wapi.

Aliyeikumbuka ni Yusra, nesi wa zahanati, binti wa Tanga mjini ambaye baridi yetu ilimpokea akiwa na kandambili. Alisimama mkutanoni akasema barabara ya bondeni ikinyeshewa kidogo tu haipitiki, na kina mama wa huku juu wanakaa na watoto wao wagonjwa nyumbani. "Nifungulieni ile njia," akasema, "nami nitakuja kila wiki kwa baiskeli yangu, nipime watoto na wazee huko huko majumbani. Na siku ya kufyeka nitashika panga kama ninyi." Watu walimpigia makofi. Kuhusu panga, wengi walicheka kimoyomoyo.

Msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kitongoji, kwetu hauna mambo mengi. Kila nyumba inapewa kipande chake, kinapimwa kwa ufito mmoja, sawa kwa sawa, na kigingi kinachomekwa kila kinapoishia. Kisha hakuna anayerudi nyumbani mpaka kipande cha mwisho kiishe. Ukimaliza chako unaingia cha jirani, mnasukuma pamoja. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Mtu akiondoka huku mwenzake bado anafyeka, hata mbwa wake watamwonea haya.

Basi, asubuhi baada ya Edward na sukari yake, nilikuwa naokota kuni nyuma ya nyumba nikasikia chuma kikikwaruza jiwe. Tate alikuwa amechuchumaa chini ya mti wa peasi, ananoa panga. Aliponiona alilisukumia chini ya koti, akaanza kukagua majani ya mti kana kwamba ndiyo yaliyomtoa nje. Nilirudi jikoni, nikalia kidogo, na moshi ukanisaidia kisingizio. Tangu msiba ule sikuwa nimemwona yule mtu akitaka kitu chochote. Sasa alikuwa ametaka kimoja, na tulikuwa tumemnyang'anya kwa heshima zote.

Nilimkuta Edward shambani kwake akipalilia karoti.

"Edward, nani alikwambia baba mkwe wangu anataka kupumzika?"

"Aa, dada Dorkasi, ile ni heshima. Mzee ana umri. Akiteleza kule korongoni watasema mwenyekiti ameua mtu."

"Na akifia kwenye kigoda watasema nani amemuua?"

Edward alijikuna shingo, akatazama karoti zake. "Lakini nyumba yenu ina kipande," akasema mwishowe. "Wewe ndiye utakayefyeka."

"Kipande ni cha nyumba. Nani atashika panga si shughuli ya mwenyekiti."

Akacheka, maana Edward si mtu mbaya, ana moyo laini tu unaotangulia akili. "Haya. Lakini nitawapa pale karibu na kanisa. Pana nyasi tupu."

Jioni nilimtangazia jogoo kwamba Jumamosi nyumba yetu ina kipande, na kwamba mimi kifua kinanibana, sijui nani atafyeka. Ndani kigoda kikalia.

Jumamosi ile ukungu ulikuwa umelala mpaka chini. Tulipofika tulikuta watu wamekwishajipanga, wamejifunika vitenge na makoti, wanatoa mvuke midomoni. Tate alitokea nyuma yangu amevaa mabuti ya mpira na koti lake la kanisani, panga limeng'aa, na ndevu amenyoa. Watu wote walimgeukia. Kisha shikamoo zikaanza, mbele mpaka nyuma, na yeye akiitikia moja moja, "Marahaba, marahaba mwanangu," kwa sauti ambayo nilikuwa nimeisahau.

Kipande chetu kilikuwa pale pale Edward aliposema, lakini alikuwa amefanya jambo jingine ambalo hakuniambia. Alikuwa amekifupisha. Tate alisimama kwenye kigingi cha kwanza, akakitazama cha pili, akatazama umbali wa vigingi vya jirani. Alikwenda akang'oa kile kigingi, akatembea nacho mpaka kilipotakiwa kuwa, akakipigilia chini kwa bapa la panga. Edward alianza kukagua kamba ya kiatu chake.

Yusra alikuwa karibu nasi, amejifunga kilemba na kuvaa glovu za zahanati. Tate akamgeukia.

"Nesi, mwambie mkwe wangu akamsaidie Mwanaidi. Yule mama mgongo wake si mzuri."

Nilikuwa nimesimama pale pale, ningeweza kumgusa. Yusra alinitazama, akamtazama, kisha akasema kwa sauti ile ile anayotumia kuita wagonjwa: "Dada Dorkasi, mzee anasema ukamsaidie mama Mwanaidi."

"Mwambie nimesikia."

"Mzee, anasema amesikia."

"Vizuri," akasema Tate, akainamia kazi.

Nadhani ndiyo siku Yusra alianza kutupenda, au angalau kutuonea huruma.

Kipande cha Mwanaidi kilikuwa mbele kidogo, penye kona. Ni jirani yetu, mjane, rafiki mkubwa wa marehemu mama mkwe. Yeye Mwislamu na mwenzake Mlutheri, na kila sikukuu walikuwa wakibadilishana sahani mpaka hatukujua tena sahani ipi ni ya nani. Tulifyeka pamoja, na kila nilipojinyoosha nilimchungulia Tate. Alikuwa anakwenda polepole lakini anakwenda. Anakata, anavuta, anatupa chini ya njia. Anapumzika akiegemea ukingo. Anakata tena. Mwanaidi aliniambia, "Acha kumlinda kwa macho, utamwangusha," nikacheka, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi kifua changu kilikuwa chepesi.

Mchana ulipokaribia, nyumba nyingi zilikuwa zimemaliza. Na kama ilivyo kawaida, waliomaliza wakaanza kuingia kwa ambao bado. Edward alikuja na wanaume watano au sita, na Dula akiwemo, yule mnunuzi wa kabichi aliyehamia hapa kutoka Muheza na kujenga. Wakati huo Tate alikuwa amepanda juu kidogo, nyuma ya miti, kujisaidia. Wale wanaume walikuta kipande kimefika nusu na mwenyewe hayupo. Waliingia kwa nguvu zao zote. Kazi ambayo ingemchukua Tate mchana mzima waliimaliza kabla hajafunga mkanda wake vizuri.

Mimi niliona tu watu wamejazana pale, na nilipoanza kukimbia nilikuwa nimeshachelewa. Tate alikuwa ameshuka. Walikuwa wamesimama wanamngoja, jasho linawatiririka, wanatabasamu.

"Tumekumalizia, mzee," akasema Edward.

Tate aliitazama ile njia iliyosafishwa mpaka udongo mwekundu unaonekana. Akalipangusa panga lake kwenye nyasi, pande zote mbili.

"Asanteni sana, wanangu," akasema. Akaweka panga kwapani, akaondoka. Alikwenda nyumbani kabla kipande cha mwisho hakijaisha, jambo ambalo sijawahi kuliona akilifanya katika miaka yote niliyokaa kwake, na hakuna aliyethubutu kumwuliza.

Wale wanaume hawakukosea. Walifanya vile ambavyo baba zao waliwafundisha, na pengine Tate mwenyewe ndiye aliyewafundisha baba zao.

Wiki iliyofuata ilikuwa mbaya. Alirudi kwenye kigoda, na safari hii hakusema lolote hata kwa mbuzi. Uji nilikuwa nautoa kama nilivyoupeleka. Nilimpigia Kristian simu, naye akasema ataomba ruhusa, na nikasikia kwenye sauti yake kwamba na yeye ameogopa.

Katikati ya wiki Yusra alikuja. Nusu ya njia ilikuwa imeshafunguka, kwa hiyo alipanda baiskeli mpaka kanisani na kutoka hapo akaja akiisukuma kupitia mashambani, ana matope mpaka magotini. Alimpima Tate presha, akamsikiliza kifua. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta wa mbao, nachambua maharage.

"Mzee, mwili wako hauna tatizo kubwa," Yusra akasema. "Kwa nini huli?"

Kisha Tate akaanza kuzungumza, tena kwa sauti kubwa kidogo kuliko inavyohitajika kwa mtu aliyekaa mbele yako. Nikajua kwamba na mimi naambiwa. Nikaacha maharage.

"Nesi, mke wangu alipougua nilitaka kumpeleka hospitali mimi mwenyewe. Wakaniambia, mzee kaa, tutampeleka. Alipofariki wakaniambia, mzee kaa. Wakachimba kaburi, wakabeba jeneza, wakapika. Nilipotaka kushika jembe wakanipokonya, wakasema mfiwa hashiki jembe. Tangu hapo wananilimia, wananichotea maji. Mkwe wangu anafua mpaka soksi zangu. Ni watu wema, Mungu awabariki. Lakini mimi sikumfanyia Jenoveva kitu. Hata kimoja."

Akakohoa.

"Njia ile nilimpitisha kwenye keria ya baiskeli siku ninamwoa. Nilimpitisha tena akienda kumzaa Kristian, ana uchungu, na kila gurudumu likigonga jiwe ananipiga ngumi ya mgongo. Mawe yote ya pale niliyajua kwa mgongo. Sasa niliposikia inafyekwa nikasema, hii nitamfyekea mimi. Kipande kimoja tu. Kianze na mkono wangu na kiishe na mkono wangu. Nao wakanimalizia."

Yusra alipotoka hakuweza kuniangalia, nami sikuweza kumwangalia. Alikaza tu kamba za begi lake kwenye baiskeli, akazifungua, akazikaza tena.

Jioni ile nilikwenda kwa Edward. Safari hii sikwenda kugomba. Nilimweleza maneno yote kama nilivyoyasikia, na Edward alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama, juu ya gunia la viazi.

"Nilidhani namheshimu," akasema.

"Najua."

"Sasa tufanyeje? Jumamosi tunamalizia upande wa korongo. Kule si nyasi, dada. Kule ni mashina."

"Mpe kipande kama cha wengine. Kisiguswe na mtu."

"Atachukua mpaka jioni. Na watu hawawezi kuondoka kabla hajamaliza, unajua mwenyewe."

"Basi msiondoke."

Edward alinitazama kama anayengoja nicheke. Sikucheka. Akashusha pumzi, akasema atapita kwa watu nyumba kwa nyumba, na kweli alipita, bila sukari.

Nami nilirudi nyumbani nikamwambia jogoo kwamba Jumamosi kipande chetu kiko korongoni, ni kirefu kama cha wengine, na hakuna mtu atakayekikanyaga isipokuwa mwenyewe. Nikaosha vyombo vyote. Kisha nikasikia Tate akimwuliza mbuzi kama kuna uji.

Jumamosi ya pili hapakuwa na ukungu, palikuwa na mawingu mazito yaliyokaa juu ya msitu yanajishauri. Tulianza mapema. Upande ule wa korongo njia ni nyembamba, huku ukuta wa mlima, kule bonde, na miiba ilikuwa imefunga kama mlango. Tate alipewa kipande chake baada ya mti mkubwa wa mkuyu. Hakukigusa kigingi. Alivua koti, akalitundika, akaanza.

Mimi nilifyeka kwa Mwanaidi tena, bila kutumwa. Yusra alikuwa na kipande cha zahanati, akimenyana nacho vizuri kuliko tulivyomdhania, ingawa glovu zilichanika zote. Na mchana ulipofika, nyumba moja moja zikamaliza. Safari hii waliomaliza hawakuingia kwa Tate. Waliwasaidia wengine, na wengine walipoisha, wakaja wakakaa ukingoni mwa njia, upande wa juu, wakiwa wamepakata mapanga na miundu yao. Wakaja na wengine. Mpaka kitongoji kizima kilikuwa kimeketi pale, wazee kwa akina mama, na mbele yetu mtu mmoja anafyeka.

Tate alipotuona tumekaa alisimama. Akatutazama toka mwanzo mpaka mwisho wa safu. Nikajua anangoja nani atainuka. Hakuinuka mtu. Edward alikuwa ameikalia mikono yake, kweli kabisa, ameitia chini ya mapaja. Tate akageuka, akaendelea.

Nikwambie ukweli, kukaa kule kulikuwa kugumu kuliko kufyeka. Kila alipovuta tawi la miiba likakataa, safu nzima ilivuta pumzi. Alipoteleza na goti moja likagusa chini, wanaume wote waliinuka nusu kama watu wanaotaka kuimba wimbo wa mwisho, kisha wakaketi, kwa sababu alikuwa amesimama mwenyewe. Yusra alikuja akachuchumaa karibu nami.

"Dada, mbona hamumsaidii?"

"Tunamsaidia," nikasema, nikamsogezea nafasi akae.

Baadaye wasichana walitumwa nyumbani wakaja na sufuria za makande na chai. Tulikula. Tate aliletewa chake, akakila akiwa amesimama, akakimaliza, akarudisha bakuli. Nilimwona Mwanaidi akihesabu kwa macho kama nilivyokuwa nahesabu mimi, kijiko kwa kijiko.

Dula alikuwa hatulii. Kabichi zake zilikuwa zinapakiwa alasiri ile, na lori la mizigo halimngojei mtu. "Mwenyekiti," akanong'ona, na kunong'ona kwa Dula kunasikika mpaka ng'ambo ya bonde, "huyu mzee atatulaza hapa."

"Nenda, Dula," Edward akasema. "Nani amekushika?"

Dula aliinuka, akajikung'uta suruali, akapiga hatua mbili. Akageuka nyuma akaona jinsi tulivyokaa. Nadhani alijiona yeye peke yake akitembea ile njia mpya mbele ya macho yetu yote. Akatoa simu. "Pakieni bila mimi," akamwambia dereva wake. "Hapana, siumwi. Niko kazini." Akaketi tena, na baada ya hapo hakulalamika, bali alianza kuhangaika kuliko sisi sote. "Vuta kushoto, mzee, vuta kushoto," alikuwa akijisemea chini chini.

Manyunyu yakaanza. Hakuna aliyeondoka. Akina mama walijitanda vitenge kichwani, wawili wawili, na watoto wadogo wakalala mapajani. Tate alibakiwa na shina moja la tughutu, limeota katikati kabisa ya njia, unene wa paja la mtu. Alilikata upande huu, akapumzika. Akalikata upande ule, akapumzika. Mikono ilikuwa imemchoka kiasi kwamba panga lilikuwa linagonga sehemu tofauti kila mara. Nilifumba macho, nikaomba. Sikuomba jambo kubwa, niliomba tu lile shina liwe na huruma. Nilisikia mlio wa panga, kimya, mlio, kimya. Kisha nikasikia mti ukilalia majani, na Dula akisema, "Ehee," kama mtu aliyetua mzigo.

Tate alilivuta lile shina mpaka kwenye ukingo, akalisukuma kwa mguu, likabiringika bondeni. Kisha akarudi kwenye kigingi chake cha kwanza akasimama hapo, amenyooka, maji ya mvua yanamtiririka usoni.

Msaragambo ukiisha, mwenyekiti huipita njia yote kwa miguu, na kila penye kigingi huuliza kipande ni cha nani. Mwenye nyumba anajibu, "Changu," na watu wanaitikia, "Tumekiona." Basi. Hatulipwi kitu kingine. Edward alianzia mbali, kwenye kona, akaja akiuliza, na watu wakijibu na kuitikia, mpaka akafika kwenye ule mkuyu.

"Hiki cha nani?"

Tate alikiangalia kile kipande chote, kutoka miguuni pake mpaka kule kilipoishia.

"Cha Jenoveva," akasema.

Edward alitugeukia. Sijawahi kusikia kipande kikiitwa kwa jina la mtu aliyelala makaburini, na sidhani kama yeye alikuwa amewahi. Nilitaka kuitikia mimi, mwenye mdomo nisiyeshindwa na mtu Malindi nzima, na mdomo ukakataa. Mwanaidi ndiye aliyeanza, kwa sauti ndogo, "Tumekiona." Ndipo sote tukaitikia, na kule ng'ambo ya bonde mlima nao ukarudisha.

Tate aliketi chini, pale pale kwenye udongo mbichi, akaweka panga pembeni, akalia. Alilia kile kilio ambacho siku ya mazishi tulikingoja hakikuja, cha mtu mzima, kwa sauti, mabega yanamcheza. Hakuna aliyemwambia nyamaza, wala mzee jikaze. Tulikuwa tumekaa pale tangu mchana, tukaendelea kukaa.